Bahari Ndani ya Medali

Majira ya baridi ya mwaka 1921, ukungu ulitanda juu ya mifereji ya Osaka kama pamba, na karakana ya Yasutaro ilikuwa kimya kama mtu aotaye. Mchongaji huyo alikuwa amekabidhiwa kazi ambayo wenziwe waliimezea mate: medali ya kuadhimisha safari ya mrithi wa kiti cha enzi kwenda Ulaya. Ilipasa ionyeshe meli ikipasua mawimbi. Yasutaro hakuwahi kupanda meli. Alichonga akiangalia picha.

"Fundi," aliuliza Mitsue, mama wa makamo aliyesugua medali pale karakanani, "hayo ni mawimbi au matuta ya viazi?"

"Wewe sugua shaba! Miaka thelathini nachonga, leo nifundishwe na mzamia chaza?"

Mitsue, aliyezamia chaza pwani ya Shima tangu usichana wake, akarudi kusugua shaba.

Kesho yake mkaguzi wa kazi hiyo alikitazama kielelezo cha plasta, akakirudisha. "Meli yako imekwama shambani. Nakupa siku kumi. Ukishindwa, kazi atapewa mwingine."

Siku mbili Yasutaro alichonga na kuharibu. Maji yalipozidi unga, alipiga magoti mbele ya Mitsue, wanagenzi wote wakitazama, paji la uso likagusa mkeka.

"Dada, nilikuvunjia heshima. Nionyeshe bahari."

"Inuka, Fundi. Huko kwetu utainama zaidi ya hapo."

Huko Shima, jua likichomoza, Mitsue alimwingiza majini hadi kifuani. "Ukisimama unaona mgongo wa wimbi tu. Chuchumaa!"

"Nitaganda, mama wee!"

"Wenzio twaganda tangu utotoni. Chuchumaa!"

Akachuchumaa hadi maji yakamgusa kidevu. Basi wimbi likainuka mbele yake taratibu, kijani kama kioo, jua limo ndani yake, mwani ukielea kama nywele za aliyelala. Likasimama kana kwamba dunia imesahau kupumua, kisha likamfunika. Alipoibuka alikuwa akicheka na kulia, meno yakigongana, vidole vikichora hewani.

Alichonga siku tano. Mkaguzi alipokiona kielelezo kipya alirudi nyuma hatua moja kama aogopaye kulowa, kisha akapiga muhuri. Medali ya kwanza ilipotoka, Yasutaro alimkabidhi Mitsue kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa, na safari hii hakuona haya hata chembe. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.