Kadi ya Manjano ya Bi Nyamizi

Sindano ya leo haivushi leo. Mnacheka, wajukuu zangu? Aliyeitamka kwanza hakuwa akicheka. Methali hii ilianza hivi.

Bi Nyamizi, mshonaji wa Tabora, alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbula, aliyeolewa Togo. Mbula alipokaribia kujifungua alimtumia mama yake tiketi. Kwa wakwe zake, mtoto hutolewa nje siku ya nane na kupewa jina, na safari hii heshima ya kulitaja walimwachia Bi Nyamizi.

Viza alipata. Ikabaki chanjo ya homa ya manjano. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi nesi Kabula alimwita, "Shangazi, njoo nikuchome!"

"Nishinde na sindano mkononi, kisha na wewe unichome? Ngoja kwanza!"

Akangoja hadi asubuhi ya kupanda treni, ndipo akachomwa. Siku ya tatu yuko uwanja wa ndege Dar es Salaam, kadi yake ya manjano ya chanjo kaishika kama bendera. Dada wa kaunta akaitazama.

"Mama, umechanjwa juzi."

"Ndiyo, bado ya moto!"

"Togo hawaipokei mpaka itimize siku kumi. Zimebaki nane."

"Mwanangu, nina mjukuu njiani. Siku nane sina."

Tiketi ikasogezwa mbele. Yeye akabaki na begi lake. Tabora angerudije, na mtaa mzima ulishamuaga kwa vigelegele? Akapanga chumba gesti ya jirani. Jioni hiyo Mbula akajifungua salama, mtoto wa kike. Bi Nyamizi akapiga kigelegele peke yake. Ukuta haukumwitikia.

Siku zilizofuata alishona vinguo vya mtoto kitandani. Kila ndege ilipopita juu ya bati, aliinua kichwa.

Siku ya nane ya mtoto, simu ikalia. Ngoma zilisikika.

"Mama, wakwe wanakuulizia tangu alfajiri. Wanasema, si ulishachanjwa? Kwa nini wasikuruhusu?"

Kadi ilikuwa imebakiza siku moja.

"Mwanangu, sindano ya leo haivushi leo. Mwambieni bibi wa huko ataje yeye."

Akaibana simu sikioni, akalisikia jina la mjukuu wake likitajwa kwa sauti ya mwanamke mwingine. Akalirudia polepole, apate kulizoea.

Basi, wajukuu zangu, mnaosema "ngoja kwanza": sindano ya leo haivushi leo.