Mnong'ono Nyuma ya Kiti

Mtu mmoja alikuwa na dada aliyemzidi akili, na yeye mwenyewe alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Mtu huyo aliitwa Lusajo. Dada yake aliitwa Atupele. Nawapa habari zao leo kwa sababu nimekasirika, na sitaificha hasira hiyo ili mfurahi.

Wawili hao walikuwa wakitengeneza mchezo wa simu. Hawakuwa na kampuni wala bosi. Walikuwa na chumba cha uani kwa baba yao, meza moja na kompyuta mbili zilizochoka. Msigune. Najua wengi wenu mkisikia mchezo wa simu mnamwona kijana mvivu kitandani. Huu haukuwa wa kupiga risasi wala wa kukimbizana. Ulikuwa mchezo wa mafumbo. Msichana amebeba ndoo ya maji, anapita ndani ya nyumba yenye vyumba vingi, na kila mlango unafunguka kwa uzito. Mlango huu unataka ndoo iliyojaa, ule unataka ndoo tupu. Mchezaji haambiwi neno hata moja. Anatazama, anakosea, anamwaga, anajaza tena, mpaka kitu kinafunguka kichwani mwake kabla mlango wenyewe haujafunguka. Kwa ajili ya dakika hiyo ndogo Atupele aliacha kazi ya kuchora ramani za majengo kwa mkandarasi, akavumilia maneno ya ukoo mzima. Yeye ndiye aliyetunga vyumba vyote. Lusajo aliandika programu.

Mafundi wa michezo ya namna hii wana desturi moja, na ni ngumu kuliko kazi yenyewe. Aliyetunga fumbo hawezi kujua kama linaeleweka, kwa maana jibu analo tayari. Basi humwita mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo, humpa simu, kisha mmoja wao huketi nyuma ya kiti chake na kufunga mdomo. Hasaidii. Haonyeshi kwa kidole. Hata akiulizwa hajibu. Kazi yake ni kuona mahali mgeni anapokwama, maana hapo ndipo mtunzi anapotakiwa kurudi na kurekebisha. Kukwama kwa mgeni ni mali ambayo fundi hawezi kujitengenezea mwenyewe, hata awe na akili kiasi gani.

Atupele aliogopa kwamba watu wakimwona yeye aliyetunga, watamwonea haya na kumsifu bure. Kwa hiyo kiti cha nyuma akampa kaka yake, ambaye kila mtu mtaani alimpenda.

Wakaja watu. Alikuja fundi cherehani, akaja mwendesha bodaboda, akaja nesi wa zahanati, akaja pia shangazi yao Tusekile anayeuza vitenge sokoni. Vyumba vya mwanzo walivipita wakicheka. Kisha wakafika chumba cha kisima. Humo kisima kimefunikwa, mlango wa mbele unataka ndoo tupu, na hapana mahali pa kumwaga maji. Jibu ni kurudi chumba kilichotangulia, kumwaga huko, ndipo uje na ndoo tupu. Lakini tangu mwanzo wa mchezo hapakuwa na chumba kilichomwonyesha mtu kwamba milango ya nyuma nayo hufunguka. Lilikuwa kosa la Atupele, kosa dogo la mtu anayejua nyumba yake kupita kiasi, na lilikuwa likingoja tu kuonekana.

Wote walikwama hapo. Shangazi alikunja uso, akasogeza kioo cha simu karibu na macho, akashusha pumzi. Lusajo hakuweza kuvumilia. Akakohoa. Akainama sikioni mwake na kunong'ona, "Hivi tukirudi nyuma kidogo, shangazi?" Shangazi akarudi nyuma, akamwaga, mlango ukafunguka, akapiga vigelegele. Akambariki. Na Lusajo akafanya hivyo hivyo kwa nesi, na kwa fundi cherehani, na kwa kila aliyeketi katika kiti kile. Wakaondoka wakimshukuru, naye akajiona mtu mwema.

Alijiona mwema! Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Atupele, ambaye moyo wake haukutulia kuhusu chumba kile, alimuuliza kila mara, "Na kisimani je?" Naye akajibu kwamba watu wamepita. Tena hakudanganya, angalieni, maana kweli walipita. Mtu huyu aliiba, na hakugusa hata shilingi. Aliiba kukwama kwa watu. Dada yake alikuwa na njaa ya jambo moja tu, kujua mahali alipokosea, na kila siku kaka yake alilikuta jambo hilo mezani, akalifuta, kisha akaenda kumwambia kwamba yote ni mazuri. Nawaambia, afadhali angemtukana.

Siku ikafika. Duka kubwa la michezo mtandaoni liliukubali mchezo wao na kuahidi kuuweka mbele kabisa kwa wiki ya kwanza, mahali ambapo fundi asiye na kampuni hafiki ila kwa bahati, tena mara moja tu maishani. Watu wa miji ambayo hawa wawili hawataiona kamwe wakauchukua. Wakapita chumba cha kwanza na cha pili kwa furaha, wakafika kisimani, wakasimama. Nyuma ya viti vyao hapakuwa na Lusajo. Wakaandika kwamba mchezo ni mbovu, kwamba mlango haufunguki, kwamba aliyeutunga hana akili. Wakaufuta kwenye simu zao. Atupele aliyasoma maneno hayo yote, na kilichoniuma mimi ni kwamba aliyaamini. Alifikiri ni kweli hana akili. Alianza kuulizia kwa mkandarasi kama nafasi yake ya zamani bado iko wazi. Na kaka yake, badala ya kusema alichokijua, alimpiga piga begani na kumwambia wachezaji wa siku hizi ni wavivu.

Atupele hakuelewa jambo moja. Iliwezekanaje watu wa mtaani wote wapite, na watu wa dunia nzima wakwame? Akamwita tena shangazi Tusekile. Siku nyingi zilikuwa zimepita na shangazi alikwisha kuusahau mchezo. Akampa simu, na safari hii yeye mwenyewe akaketi chumbani. Lusajo naye alikuwapo, katika kiti chake kile kile, lakini mbele ya dada yake hakuthubutu kufungua mdomo. Shangazi akapita chumba cha kwanza, akapita na cha pili. Akafika kisimani. Akazunguka, akagonga mlango, akazunguka tena. Kisha, bila kujaribu kitu kingine, akaweka simu mapajani, akageuka nyuma na kumtazama Lusajo.

"Mbona leo husemi, baba?" akauliza.

Lusajo alitazama sakafu. Atupele akasimama, na wote wanaomjua wanasema hawajawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile wala baada yake.

"Huko nje wako maelfu, kaka! Utaenda kuketi nyuma ya kila mmoja wao?"

Akaketi kwenye kompyuta, akatunga chumba kimoja kidogo mwanzoni mwa mchezo, chenye mlango mmoja tu, ule ule wa kuingilia, ili mchezaji ajionee kwamba mlango wa nyuma nao hufunguka. Ilimchukua asubuhi moja. Asubuhi moja tu, jamani! Angeweza kuifanya kabla mtu yeyote hajamdhihaki. Lakini wiki ilikwisha, na duka lilikuwa limeuweka mbele mchezo wa mtu mwingine. Wachache waliobaki walipita kisimani na kumwandikia shukrani. Waliofuta hawakurudi kutazama. Leo Atupele anachora ramani za nyumba za watu wengine kwa mkandarasi yule yule, na anazichora vizuri. Chumba cha uani kimewekwa magunia. Ukimuuliza Lusajo ilikuwaje, hata leo atakuambia kwamba yeye alikuwa anasaidia tu.

Nawaona mnatikisa vichwa. Mnamsikitikia dada na kumlaani kaka. Acheni. Ninyi ndio mlioketi kikao cha wazazi katika mabenchi haya haya ya shule, mkakubaliana kwamba msimamizi wa mtihani aonwe kwa bahasha, apite katikati ya madawati akinong'ona. Mliita kuwasaidia watoto. Matokeo yakaja, wote wamefaulu, mkapika pilau, mkawavalisha mataji ya maua. Na mwalimu aliyekuwa akitafuta kujua ni mtoto gani hajui kusoma, mlimfutia mezani kitu pekee alichokihitaji. Hakuna aliyekosea. Kwa hiyo hakuna anayejua pa kurekebisha. Watoto wenu sasa wako kidato cha kwanza, wameshika ndoo iliyojaa mbele ya mlango unaotaka ndoo tupu, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba mlango wa nyuma nao hufunguka. Mnawaita wavivu.

Najua kuna mtu hapo nyuma anangoja niseme ndoo ni nini na kisima ni nini. Sisemi. Nikisema nitakuwa nimeketi nyuma ya kiti chako. Kaa na fumbo hilo, likukere, ukwame nalo mpaka lifunguke.

Ila wewe uliyenong'ona, ukarudi nyumbani ukijiona mwema, nina swali moja kwako. Siku mtoto wako atakapokwama kwelikweli, akageuka nyuma kukutafuta, akakuta kiti chako ni kitupu, utakuwa umemwachia nini?