Papasa na Mwiba wa Kongoni

"Paukwa!"
"Pakawa!"
Pakawa na mwiba, pakawa na damu, pakawa na njaa imekaa kitako inangoja.

Hapo zamani za kale, Kongoni alikanyaga mwiba wa mgunga. Chwa! Ukazama kati ya kwato. Kulipokucha mguu umevimba. Akachechemea, na Fisi akamfuata hatua kwa hatua.

"Pole, shemeji," Fisi akacheka. "Jua likizama utalala chini. Mimi nipo, sina haraka."

Ndani ya damu ya Kongoni aliishi Papasa, chembe nyeupe, mlinzi. Kongoni akiwa mzima, Papasa huzunguka tu: moyo, mapafu, miguu, moyo. Huviringika kando ya ukuta wa mshipa, akiupapasa. Chembe nyekundu, wabeba pumzi, humpita mbio, vuu! vuu!

"Wewe konokono! Ukuta una asali?"

"Piteni, jamani. Nipo kazini."

Siku hiyo ukuta wa mguuni ulikuwa moto. Ulinata. Nyuma yake vijidudu vilivyoingia na mwiba vilikula nyama na kuzaana, nyam, nyam, nyam. Papasa akashika ukuta. Akakaza.

Mara walinzi weupe wakaja kwa kishindo, gu! gu! gu! Wakajazana kwenye kinjia chembamba. Damu ikasimama.

"Tupisheni!" wekundu wakalia. "Mguu unakufa kwa kukosa pumzi!"

"Piga! Piga!" weupe wakapayuka, lakini hakuna aliyetoka kupiga. Atokaye nje ya ukuta harudi. Wote walijua.

Jua likainama. Fisi akasogea.

"Ndugu zangu," Papasa akasema, "tumekuwa kizibo. Tutoke mmoja mmoja. Natangulia."

"Hutarudi, Papasa!"

"Najua. Nisogezee mguu wako huo, wewe mnene."

Akajinyoosha kama uzi, akapenya ukutani. Akameza kijidudu. Akameza cha pili. Akameza cha kumi. Nyuma yake akatoka mwingine, na mwingine. Njia ikafunguka. Wekundu wakapita, vuu!

Jua likazama. Fisi akaruka. Kongoni akakanyaga kwa nguvu zote, jipu likapasuka, pwa! Usaha mweupe ukatoka pamoja na mwiba, na ndani ya usaha ule alikuwamo Papasa, kimya. Kongoni akatimka kwa miguu minne.

"Shemeji, ngoja tuzungumze!" Fisi akabaki na vumbi mdomoni.

Wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: walinzi wakisongamana na kupiga kelele, huua nyumba wanayoilinda. Anayeiokoa ni yule anayetoka.

Hadithi yangu imekomea hapo. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni.