Kipande cha Pili cha Kanga

Hapo zamani, si zamani ya majini, ni zamani ya juzi hii watu walipoanza kuamkiana kwa kidole, aliishi Korogwe fundi cherehani aitwaye Zuwena. Shoga yake, chanda na pete, alikuwa Mwanahawa. Kila Idi walinunua doti moja ya kanga, wakaikata katikati: kipande chako, kipande changu. Ukimwona mmoja barabarani, unajua mwenzake yupo.

Mwanahawa akaolewa Mtwara, akaenda zake. Ikabaki simu. Kila alfajiri anatuma sauti: "Shoga, umeamkaje?" Zuwena anajibu, anacheka, kisha anatazama kizingiti alipokuwa akikaa mwenzake kumenya muhogo. Kitupu. Sauti anayo, bega la kuegemea hana, na bega hilo alilitamani mpaka machozi yakamlengalenga.

Basi mwaka mmoja, siku kumi na mbili kabla ya Idi, Zuwena akanunua doti. Hajaikata, homa ikamwangusha. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya.

Aliyeshtuka ni Mwanahawa, kule kule mbali. Akampigia Kibibi, mkuu wa grupu la wote waliosoma nao madrasa. "Kibibi wee, hebu kamwangalie Zuwena. Yule hanyamazi bure!"

Kibibi hakuwa amekanyaga kwa Zuwena miaka mitano, ingawa grupuni walitaniana kutwa. Akadandia bodaboda, akafika, akabisha hodi. Kimya. Akapiga ukelele, akatoka Chausiku, jirani wa ukuta mmoja, mwenye kasimu ka tochi kasikojua grupu wala picha. Chausiku akausukuma mlango kwa bega, ukafunguka. Zuwena yu hoi kitandani.

Kibibi akampiga picha, akairusha grupuni: "Mwenzetu anaumwa!" Haikupita robo saa, muuguzi mmoja aliyesoma nao akaja na gari, akamkimbiza hospitali. Lakini Zuwena pichani alikuwa kichwa wazi, na watu sitini na wawili wakamwona, wake kwa waume.

Aliporudi nyumbani, Chausiku akamwogesha, akamnywesha uji, siku zote mpaka akasimama. Lakini ni Chausiku huyo huyo aliyeupita ule mlango siku mbili asibishe hodi.

Alasiri ya mwisho ya mfungo, Zuwena akaikata doti. Kipande kimoja akajitanda. Cha pili akakiweka mapajani, mbele ya Kibibi na Chausiku waliokuja kufuturu naye.

Kibibi akasema, "Changu hicho. Bila picha yangu muuguzi angejuaje? Nywele zitafunikwa, shoga. Kaburi halifunuliwi."

Chausiku akasema, "Changu mimi niliyekushika. Sikubisha hodi, kweli. Kila nikija nilikukuta umeinamia simu, nikajiona sina maana kwako. Tumetenganishwa na ukuta mmoja, Zuwena, na nilikuwa nakukumbuka kama mtu aliyesafiri!"

Zuwena akainamisha uso. Hilo hakuwahi kulijua.

Simu ikalia. Mwanahawa huyo, na Kibibi akamweleza wanachogombea. "Kipande hicho ni changu tangu usichana. Wengine walikuona ulipokwisha kuanguka, mimi nilikukosa siku ile ile ya kwanza. Basi la kuja huko lilikuwepo, sikulipanda. Nilijidanganya kuwa sauti inatosha. Haitoshi, shoga yangu. Mwenzio nalala na kipande cha mwaka jana."

Zuwena akalia kwa sauti, bila haya. Kama angeweza, angeifungua simu ile aingie ndani yake mpaka Mtwara. Alipofuta macho akatazama kizingiti kile cha siku zote. Chausiku alikuwa amekikalia, kisu mkononi, anamenya muhogo wa futari. Kando yake Kibibi anafuta ile picha. Na simu bado iko wazi, Mwanahawa anapumua, anangoja.

Haya, mliokaa kitako mkinisikiliza, semeni kabla mwezi haujaandama, maana kanga ya Idi hailali mapajani: kipande cha pili, je, nani alistahili kujitanda?