Hisa za Milembe

Bisha! Bisha sasa hivi nikuache na ubishi wako. Kuna wasomi wenye vyeti nimewasimulia hii wakaondoka wamefyata.

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, alikuwepo mjane wa Kisukuma, Milembe. Mumewe alimwachia shamba, na humo shambani ndimo alimozikwa. Ikaja kampuni changa ya dhahabu, ya wageni. Haijachimba hata gramu moja! Inatoboa miamba, inapima mawe, inauza hisa. Milembe akauza shamba, akanunua hisa. Mnunuzi akamwambia, "Mama, ukileta hela kabla ya masika, shamba lako. Masika yakinikuta naingiza trekta, kaburi na vyote."

Ukaja uchaguzi. Mgombea akapanda jukwaani, "Dhahabu yetu itarudi kwetu!" Nani alipiga vigelegele kuwashinda wote? Milembe. Nani aliwahi foleni ya kura? Milembe. Mgombea akashinda.

Majibu ya mawe yakatoka mazuri. Hisa zikapanda mara mbili. Zikapanda mara nne. Hapo shamba linarudi na chenji juu. Akamwendea shemeji yake Lugwisha, mchimbaji mkongwe wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo.

"Shemeji, niuze?"

"Una wazimu? Duarani, anayetoka kabla mifuko ya mawe haijapanda hapewi hata kokoto. Kaa humo humo!"

Akakaa, kana kwamba hisa ni duara. Akamwendea mbunge, yule yule mgombea wa jukwaani.

"Mheshimiwa, leseni ya kampuni iko salama?"

"Salama kabisa, mama yangu. Tulia."

Na muswada wa kufuta leseni alikuwa keshausoma mwenyewe kwenye kamati!

Sheria ikapita. Leseni ikafutwa. Hisa zikawa karatasi za kufungia karanga. Masika yakaingia, trekta likaingia. Milembe akasimama mpakani, mvua inampiga, mpaka pale kaburini pakawa matuta kama matuta mengine.

Lugwisha akasema, "Nilisema ninachokijua. Miaka thelathini chini ya ardhi, sijaona duara likifa kwa tangazo la redio."

Mbunge akasema, "Siri ya kamati ningeitoaje? Halafu jukwaani yalisemwa mchana kweupe, nyie mnacheza ngoma."

Milembe akasema, "Mimi nilitaka dhahabu irudi kwetu. Sikujua kwamba kwenye huko kwetu, mimi simo."

Hapo huwa nasimama, watu wagombane. Leo nina kipande nilichokiruka.

Siku tatu kabla ya sheria, dalali wa hisa alipiga simu. "Mwambie mama auze leo leo, huku mjini kunanuka." Simu ya Milembe alikuwa akikaa nayo mpwa wake, kijana mjuaji wa mtaa mzima, naye ana hisa zake chache. Akawaza, shangazi akimwaga zake zote sokoni, bei itashuka. Akauza zake kwanza. Aliporudi kwa dalali kuulizia za shangazi, hakuna mnunuzi.

Mpwa ni mimi. Shangazi hajui. Mpaka leo ananibakizia ugali na kunifunikia.

Haya, tuko wanne: shangazi, Lugwisha, mbunge na mimi. Nani kati yetu anastahili kwenda kumwomba marehemu radhi, na akapige magoti wapi?