Mfinanga Apandisha Kabati Mlimani

Mfinanga, tajiri wa pikipiki za umeme, aliwakusanya madereva wa bodaboda akawaonyesha matoleo matatu mapya.

"Atakayebaki na pikipiki ya zamani, kuanzia kesho hachaji betri kwangu," alisema.

Madereva wakaanza kubishana. Hii ina betri mbili, ile ina kasi, nyingine ina taa kama macho ya paka. Namkunda, dereva mwembamba mwenye maneno mengi, alicheka.

"Bosi, hapo hakuna inayoweza kupanda mlima wa Kilongo na kabati langu."

"Kabati? Hata na kitanda!"

"Labda. Na bibi yangu je?"

Mfinanga alipandwa na hasira. Alipandisha kabati mlimani, akarudi akachukua kitanda. Safari ya tatu alimbeba bibi, aliyekumbatia jogoo na kuimba njia nzima.

"Umeamini sasa?" aliuliza huku jasho likimtiririka. "Unachukua ipi?"

"Nimeamini, bosi, ila nabaki na yangu ya zamani. Jirani yangu mpya huku juu anachaji betri za kila aina. Ahsante sana kwa kunihamisha."