Chai ya Mabatini

Kwenye geti la kiwanda chake, Bwana Kileo aliweka mashine iliyosoma kwenye simu ya kila mtu alikopita siku hiyo na kumfungia nje aliyetokea mtaa wa Mabatini. Mwashamba, mkazi wa huko, alipokosa kazi kwa sababu hiyo, akashtaki. Hakimu akaamua kwenda kuiona mashine yenyewe.

Asubuhi ya siku hiyo Mwashamba akampigia Kileo. "Bosi, kwetu watu hawashtakiani kabla ya kunywa chai pamoja. Karibu nyumbani."

Kileo akadhani anabembelezwa. Akaenda Mabatini, akala vitumbua mpaka akalamba vidole, kisha wakaongozana hadi getini.

"Mashine hii hukosea?" hakimu akauliza.

"Haijawahi, mheshimiwa! Ikimkataa mtu, huyo ni mwizi."

Kileo akasogeza simu yake kwenye mashine. Mashine ikapiga kelele: "Mwizi! Mwizi!"

"Pumbavu!" Kileo akafoka. "Mimi nilikwenda kunywa chai tu!"

"Na mimi, bosi," akasema Mwashamba, "nilizaliwa huko tu."